Maganda ya Vitunguu na Batobato ya Tumbaku: Shajara ya Mradi Wetu, Tabora

Jumamosi, 13 Januari 2024

Nafungua daftari hili kwa sababu ya swali la msichana mmoja wa kidato cha tatu. Mwaka jana nilikuwa nafundisha virusi, akanyoosha mkono: "Mwalimu, kipindi kile cha Korona tulikuwa tunajifukiza nyumbani. Bibi anaweka majani ya mpera, mchaichai na malimao. Ile dawa ilikuwa inamfikia kirusi kweli, au tulikuwa tunatoka jasho tu?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu la kumwonyesha kwa macho. Nilikuwa na maneno ya vitabuni tu. Likizo nzima swali lile halikuniachia.

Majani ya mpera yana flavonoidi, na vitunguu, chai na mlonge pia. Hizi ni kemikali ambazo mmea hujitengenezea ili kujikinga na jua kali, kuvu na wadudu. Mifupa yake ni kaboni 15: pete mbili za kaboni sita sita, na katikati kaboni tatu zinazoziunganisha. Mwaka 1936 Albert Szent-Györgyi wa Hungaria na wenzake walizitoa kwenye malimao na pilipili, wakadhani ni vitamini, wakaziita vitamini P. Jina hilo baadaye liliachwa, kwa kuwa mtu haugui kwa kuzikosa kama anavyougua kwa kukosa vitamini C. Mwaka 1985 watafiti wakachapisha kwamba kwersetini, flavonoidi inayojulikana kuliko zote, hupunguza uwezo wa virusi vya polio, vya herpesi na vya RSV (vinavyoshambulia njia ya hewa) kuambukiza seli zilizooteshwa maabara. Tangu hapo kazi za namna hiyo ni nyingi mno.

Shida yetu ni kwamba shule haiwezi kushika virusi vya binadamu, na haifai ijaribu. Nikiwa natembea jioni ndipo nikakumbuka tunaishi wapi. Tabora ni mkoa wa tumbaku. Batobato ya tumbaku, ugonjwa wa mabaka kwenye majani, inaletwa na kirusi cha TMV, ambacho hakimdhuru mtu hata akikishika kwa mikono mitupu. Tena ndicho kirusi cha kwanza kabisa kujulikana duniani: Dmitri Ivanovsky alionyesha mwaka 1892 kwamba maji ya jani lenye ugonjwa yanaambukiza hata yakipita kwenye chujio linalonasa bakteria, na mwaka 1898 Martinus Beijerinck akasema waziwazi kwamba hiki ni kitu kingine, si bakteria.

Kwa hiyo tutauliza swali dogo tunaloliweza: je, maji ya maganda ya vitunguu yanapunguza maambukizi ya TMV kwenye jani? Kikundi kina wanafunzi sita, fundi sanifu wa maabara, na mimi.

Jumamosi, 20 Januari

Leo tumefanya mambo mawili, mbegu na maganda.

Mbegu ni za mnanaha, ule mmea wa majalalani wenye tunda la miiba. TMV kikiingia kwenye tumbaku ya kawaida kinaenea mmea mzima na huna cha kuhesabu. Kwenye mnanaha jani linajitetea: pale kirusi kilipoingia seli zinakufa, linabaki doa dogo la kahawia, na maradhi yanaishia hapo. Hesabu ya madoa inakueleza uambukizaji ulikuwa mkali kiasi gani. Njia hii ya kuhesabu madoa ilionyeshwa na Francis Holmes mwaka 1929 kwa jamaa wa tumbaku aitwaye Nicotiana glutinosa. Mbegu zake hatuna. Mnanaha tunao nyuma ya kila ukuta.

Lakini mnanaha ni sumu, kuanzia mbegu, jani hadi ua. Ndani yake mna atropini na skopolamini. Nimeweka masharti: glavu muda wote, miche ifungiwe kwenye banda lenye kufuli, kila mche uwe na namba na uhesabiwe asubuhi na jioni, vichomoza vya maua vikatwe. Mwanafunzi atakayekula chochote akiwa ndani ya banda atatoka kwenye mradi. Nimelisema mara mbili, na nimewaandikia wazazi.

Maganda tumeyafuata soko kuu. Mama ninayenunua kwake siku zote alikuwa amekaa nyuma ya gunia la vitunguu vya Singida.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Leo nikupimie kilo ngapi?"

"Leo nimefuata maganda, mama."

"Maganda? Haya ninayofagia?" Akainua ufagio akanionyesha. "Kuna ugonjwa nyumbani?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku vidole vyake vinaendelea kuchambua, kisha akaniambia neno ambalo nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kikundi: kitunguu kilichovuliwa maganda yote kinaoza siku chache, chenye maganda kinakaa miezi. "Hilo ganda ndiyo nguo yake," alisema. Akatujazia mfuko wa salfeti, hakutaka hela.

Ukiliinua ganda moja juani unaona limekuwa kama karatasi ya kahawia yenye mishipa iliyonyooka. Ndiko kwersetini ilikojaa. Katika nyama ya kitunguu imefungamana na sukari. Ganda linapokauka ile sukari huondoka, inabaki kwersetini yenyewe, kwa wingi kuliko tabaka zote za ndani. Yale tunayoyatupa yana kemikali hii kuliko tunayoyakaanga.

Jumamosi, 3 Februari

Tumetoa dawa. Gramu 50 za maganda yaliyosagwa kwenye kinu, zimelowekwa siku mbili ndani ya nusu lita ya spiriti ya duka la dawa, ile isiyo na rangi. Tukachuja mara mbili. Kimiminika kimetoka rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

Kipimo cha flavonoidi ni chepesi na kinapendeza kutazama: unatia kipande cha utepe wa magnesiamu kwenye testitubu, unadondosha asidi ya haidrokloriki iliyo kali, mapovu yanapanda, na kama flavonoidi za aina hii zipo rangi inageuka waridi hadi nyekundu. Yetu iligeuka nyekundu. Wakapiga makofi.

Kijana mmoja hakupiga makofi. Alikuwa ametia asidi kwenye testitubu nyingine bila magnesiamu, kwa kutaka kujua tu, na yake nayo ilikuwa nyekundu.

Tulikaa kimya. Kisha tukaelewa. Vitunguu vile ni vyekundu. Wekundu wake ni anthosianini, nayo ikikutana na asidi inakolea yenyewe bila kusubiri magnesiamu. Kipimo kilikuwa kinajibu swali lingine. Tumerudi sokoni kutafuta vitunguu vya ganda la njano, ambavyo hapa Tabora ni vichache; tumepata kiasi kidogo kwa mama yuleyule. Dawa yake kwa asidi peke yake haikubadilika. Kwa asidi na magnesiamu iligeuka waridi taratibu, kama dakika mbili. Hiyo ndiyo tutakayoitumia. Nimemwambia yule kijana kwamba leo yeye ndiye aliyefanya sayansi, sisi wengine tulikuwa tunashangilia.

Jumamosi, 10 Februari

Gundi ya nyuki. Mfugaji mmoja wa Sikonge alitupatia donge la ukubwa wa ngumi kutoka mizinga ya magome, na sote tulitegemea makubwa, maana gundi hii, yaani propolisi, inasifiwa kila mahali kwa flavonoidi. Kipimo kikatoa waridi hafifu, karibu hakuna.

Nimesoma baadaye. Sifa ile inatokana na propolisi ya Ulaya, ambako nyuki huokota utomvu wa vichipukizi vya mipopla. Huku kwetu nyuki anaokota kwenye miti ya miombo, na propolisi ya Afrika ya kitropiki mara nyingi imejaa triterpeni, kemikali za jamii nyingine, flavonoidi zake ni kidogo. Jina moja la kibiashara, dawa mbili tofauti. Anayenunua chupa hapa kwa sifa zilizopimwa Ulaya hajapewa alichosomewa.

Mwanafunzi mwingine alipendekeza majani ya miembe, kwa vile Tabora ni mji wa maembe. Kemikali kubwa ya jani la mwembe ni manjiferini, na hiyo ni ksanthoni, jirani wa flavonoidi lakini si flavonoidi. Tumeiweka kando.

Jumamosi, 17 Februari

Uyui, kwa bodaboda mbili na matope. Mvua za mwaka huu hazina mchezo.

Mzee mwenye shamba alitupokea ukingoni. Wanafunzi wakamsalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, baba," akafurahi akawauliza mmoja mmoja wanatoka wapi. Tumbaku yake ya mvuke ilikuwa imefika kifuani, na mabani ya kukaushia yalikuwa yanatengenezwa kusubiri mavuno. Batobato ilikuwa kwenye mistari miwili upande wa kitalu cha zamani. Jani lenye ugonjwa limegawanyika vipande vya kijani kibichi na kijani kilichopauka, sehemu zilizokolea zimevimba kama malengelenge na zile za kupauka zimesinyaa, hata ukifumba macho vidole vinakuambia lipi ni zima na lipi ni gonjwa.

Alituambia anachofanya: anang'oa miche migonjwa, haingii na sigara kitaluni, na wakati wa kupandikiza vibarua wananawa kwa sabuni. Yote ni sahihi. TMV hakihitaji mdudu wa kukibeba kama ilivyo kwa batobato ya mihogo, inayosambazwa na nzi weupe. Kinapita kwa mikono, nguo na visu. Ni kijiti kirefu cha nanomita 300 na unene wa 18, kimevikwa protini 2,130 zilizopangwa kama ngazi ya kuzunguka, na ugumu wake unashangaza: kinaishi ndani ya tumbaku iliyokaushwa miaka na miaka. Kuna wakulima wa nchi nyingine wanaochovya mikono kwenye maziwa, kwani protini za maziwa hukipunguza makali. Mzee alilipenda hilo, ila alisema maziwa ya kuchovya mikono atayatoa wapi.

Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Sasa hiyo dawa yenu ya vitunguu, mwalimu, itaniponyeshea shamba?"

Nikamjibu hapana. Mche ulioshaingiwa hauponi, na sisi tunatafuta kujua jambo, hatujaleta dawa. Akaitikia kwa kichwa, akatukatia majani matano yenye ugonjwa, akayafunga kwenye gazeti mwenyewe.

Jumamosi, 9 Machi

Miche 22 ya mnanaha, majani manne hadi sita. Mfungo wa Ramadhani unaanza wiki ijayo. Tumekubaliana kazi zote zifanyike asubuhi.

Jumamosi, 16 Machi

Uambukizaji wa kwanza. Unasaga jani gonjwa kwenye kinu na maji safi, unachuja. Jani la mnanaha unalinyunyizia unga mkavu wenye ncha kali ili ulikwaruze kidogo, kwa sababu TMV hakina mlango wake. Kinaingia kwenye jeraha tu. Unga wa maabara hatuna. Fundi sanifu wetu akachukua msasa wa maji, ambao chembe zake ni kaboraidi ya silikoni, akasugua vipande viwili juu ya karatasi mpaka akapata vumbi la kijivu la kijiko kimoja. Ndicho kitu chenyewe kinachouzwa kwa maabara.

Mpango wetu ni nusu kwa nusu. Mshipa wa kati unaligawa jani: kushoto tunapaka virusi vilivyochanganywa na maji, kulia virusi vilivyochanganywa na dawa ya maganda. Jani na jani haviwezi kulinganishwa, maana moja ni changa na lingine limekomaa. Lakini nusu mbili za jani moja ni mapacha. Mche mmoja tuliupaka maji matupu bila virusi, uwe shahidi.

Jumatano, 20 Machi

Upande wa dawa hakuna doa hata moja kwenye majani yote. Upande wa maji madoa tele. Kelele zilisikika hadi ofisi ya walimu.

Alhamisi, 21 Machi

Nusu zote za upande wa dawa zimekauka kama karatasi. Halikuwa suala la kirusi kushindwa. Dawa yetu ilikuwa bado kwenye spiriti kali, na spiriti imeunguza jani. Seli zilizokufa hazitoi doa.

Na mche shahidi una madoa matatu. Tumefuatilia. Kaka anayemwagilia bustani anavuta tumbaku ya kusokota, na siku ile ndiye aliyetusogezea vyungu. Si kosa lake hata kidogo, hakuna aliyemwambia. Nimekaa naye, nimemweleza, na tangu leo kila anayeingia bandani ananawa kwa sabuni hadi kwenye kiwiko, mimi nikiwa wa kwanza.

Tunaanza upya. Nimewaomba wanafunzi wasifute chochote kwenye daftari.

Jumamosi, 6 Aprili

Dawa tumeikausha juu ya sufuria ya maji ya moto, nje, mbali na moto wa wazi kwa sababu ya mvuke wa spiriti. Kilichobaki ni ute mzito wa kahawia. Tumeuyeyusha kwa spiriti kidogo, tukaongeza maji hadi spiriti ikawa sehemu moja kati ya 20. Na safari hii upande wa kulinganishia nao una spiriti kiasi kilekile. Tofauti pekee kati ya kushoto na kulia ni ganda la kitunguu.

Maji yalipoingia, dawa iliyokuwa safi ikafanya ukungu. Kwersetini haipendi maji. Inajikusanya vibonge vidogo visivyoonekana kimoja kimoja. Watafiti wa dawa wana tahadhari kubwa na tabia hiyo, kwani vibonge vya namna hiyo vinaweza kunasa protini yoyote iliyo karibu, na kipimo kikaonyesha "imefanya kazi" wakati hakuna shabaha yoyote iliyolengwa. Nimeandika neno UKUNGU kwa wino mwekundu.

Jumatano, 10 Aprili

Sikukuu ya Idi. Wawili walikuja baada ya swala, wamevaa vizuri, kuhesabu madoa. Majani kumi: upande wa kulinganishia madoa 214, upande wa maganda 61. Jani moja lilikuwa na madoa mengi zaidi upande wa dawa. Tumeliandika kama lilivyo. Mche shahidi hauna kitu.

Hatukupiga kelele safari hii. Mwaka 1991 watafiti nchini Kanada walichapisha kwamba flavonoidi hupunguza uwezo wa TMV kuambukiza, kwa hiyo hatujagundua jipya duniani. Ila watoto hawa wameliona kwa macho yao, hapa, kwa maganda ya soko kuu.

Jumamosi, 27 Aprili

Hili ndilo jaribio nililolitaka tangu Januari, na matokeo yake yamenikalia moyoni.

Mpaka sasa tulichanganya dawa na kirusi kwenye kikombe nusu saa kabla ya kupaka. Lakini hakuna mgonjwa anayeugua hivyo. Bibi wa yule msichana alianza kuwafukiza wajukuu walipokwisha kukohoa. Basi tumejaribu nyakati mbili nyingine. Kundi la kwanza jani lilipakwa dawa, kirusi kikaletwa kesho yake. Kundi la pili kirusi kilianza, dawa ikafuata saa sita baadaye.

Dawa ikitangulia kwa siku moja: madoa 168 upande wa kulinganishia, 139 upande wa dawa. Tofauti ndogo, sithubutu kuisimamia.

Dawa ikichelewa saa sita: 173 kwa 181. Hakuna kitu.

Msichana aliyeuliza swali ndiye aliyekuwa anaandika namba ubaoni. Alipomaliza alisimama akiutazama ubao, akasema, "Kumbe wakishaingia, imekwisha." Nilimwambia aongeze neno moja: kwa dawa hii. Maana ziko flavonoidi zinazofanya kazi baada ya kirusi kuingia kwenye seli. Miaka ya 1980 ilionekana kwamba kwersetini ikipachikwa kikundi cha methili kwenye kaboni ya 3 inazuia virusi vya jamii ya polio visitengeneze RNA yao ndani ya seli. Kampaundi za namna hiyo zilitolewa kwenye Euphorbia grantii, ndugu wa mnyaa tunaopandia uzio, mti unaoota Tanzania na Rwanda. Kaboni moja na hidrojeni tatu, na tabia imebadilika. Ndiyo maana neno "flavonoidi" peke yake halitoshi kumwambia mtu kitu. Lazima useme ipi, dhidi ya kirusi kipi, wakati gani, na mahali gani mwilini.

Mahali ndipo penye mzigo mkubwa. Kwersetini uliyoila ikipita kwenye utumbo na ini inafungwa haraka na asidi ya glukuroniki na salfeti, hivyo inayozunguka kwenye damu ikiwa huru ni kidogo sana, mbali na kiwango kinachotumika kwenye majaribio ya seli. Mwaka 2020 baikaleini, inayotokana na mmea wa dawa wa Kichina, ilionekana ikikaa sawasawa ndani ya kimeng'enya ambacho kirusi cha Korona hukatia protini zake. Hiyo ni picha ya kweli na ya kupendeza. Lakini kutoka kwenye picha hiyo hadi kwenye pafu la mgonjwa kuna safari ndefu, na kikombe cha chai hakiimalizi.

Jumamosi, 11 Mei

Siku ya wazazi. Tuliweka meza yenye vyungu viwili, bango la namba, na maganda kwenye sahani. Mnanaha tuliufunika kwa kioo.

Watu walikuja wengi kuliko nilivyodhani, na hawakuja kutazama kirusi cha tumbaku. Walikuja na mambo ya nyumbani.

Baba mmoja aliuliza kama maji ya maganda yatatibu kideri cha kuku. Nikamwambia kideri hakina tiba, kina chanjo. Chanjo ya I-2 ya matone ya jicho inastahimili joto kuliko chanjo za zamani, inafaa vijijini, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kuku akishaanza kuharisha kijani na kupinda shingo, maganda hayatamwokoa. Alisema kila mwaka anapoteza banda zima. Fundi sanifu alimwandikia kwenye karatasi ofisi ya mifugo ya kata yake na siku ya kwenda.

Mama mmoja alisubiri watu wapungue. Akauliza kwa sauti ndogo kama mtu anayetumia ARV anaweza kupumzika akanywa hizi za mimea, kwa vile amesikia zinaua virusi. Nilimwomba tukae. Nilimwambia asiache hata siku moja, wala asimruhusu mtu wake aache. Kwamba ARV zinafika ndani ya seli na kukizuia kirusi kisijizalishe, na vitunguu vyetu havijafika hata ndani ya seli ya jani. Nilimwonyesha zile namba 173 na 181. Alizitazama muda mrefu. Akasema, "Asante, mwalimu, hii naielewa." Kama mradi huu ungeishia hapo, ningeona umelipa.

Mwingine akauliza, basi hakuna hata dawa moja ya kweli iliyotoka humo? Ipo. Mwaka 2006 Marekani iliidhinisha mafuta ya kupaka yaliyotengenezwa kwa katekini za chai ya kijani, kwa ajili ya vigwaru vya sehemu za siri vinavyoletwa na kirusi cha HPV. Katekini ni flavonoidi. Ilikuwa dawa ya kwanza ya mimea kuidhinishwa kule kwa utaratibu huo wa kuandikiwa na daktari. Inapakwa palepale penye ugonjwa, haipitii tumboni wala kwenye ini. Nimeona nyuso kadhaa zikiunganisha jambo hilo na jani letu lililopakwa dawa.

Jumamosi, 25 Mei

Hofu niliyokuwa nayo tangu Aprili: ganda la kitunguu lina zaidi ya flavonoidi. Lina tanini pia, na tanini hushikana na protini yoyote, hata ile inayokivika kirusi. Huenda muda wote tulikuwa tunapima tanini.

Jelatini inanasa tanini na kuzishusha chini. Tumetia jelatini na chumvi kidogo kwenye dawa, yakakusanyika mashapo ya rangi ya maziwa, tukayachuja. Kabla hatujapaka, yule kijana wa testitubu ya pili akainua mkono: jelatini iliyobaki nayo ni protini, je, isipokuwa upande wa kulinganishia itakuwaje? Tukaiweka na huko.

Jumatano, 29 Mei

Majani manane. Kulinganishia 190, dawa isiyo na tanini 118. Nguvu imepungua lakini haijaisha. Sehemu ya yale matokeo mazuri ya Aprili ilikuwa ya tanini. Na hii iliyobaki bado ina ukungu, japo hafifu, na sijui kama ni kwersetini inayomgusa kirusi au vibonge vinavyomfunika.

Ijumaa, 31 Mei

Kufunga muhula. Miche yote ya mnanaha, 22 kamili kwa hesabu, imezikwa kwenye shimo la mita moja nyuma ya maabara. Hatukuichoma kwa sababu ya moshi. Vyungu vimechemshwa. Mbegu hazikubaki.

Kwa Januari ijayo tunahitaji gramu tano za kwersetini safi na gramu tano za rutini, ambayo ni kwersetini ileile iliyobeba sukari mbili na inayeyuka vizuri zaidi kwenye maji ya moto. Tukiyapima yote mawili kwa kiwango sawa, moja lenye ukungu na moja lisilo nao, tutajua. Barua ya maombi ya fedha imekwenda ofisini leo.

Nilipita sokoni jioni. Mama alikuwa anafagia.

"Mwalimu, majibu yametoka?"

"Yametoka nusu, mama."

Nikamweleza: yakikutana nje yanakipunguza, kikishaingia ndani hayafui dafu. Alifikiri, akaokota ganda moja, akalipuliza vumbi.

"Ndiyo maana linakaa nje," alisema, akaniuliza Januari tutahitaji mifuko mingapi.